Mgeni Mmoja wa Saa Kumi na Dakika Saba

Sikulazimishi uniamini. Ila nakuomba usije ukaniambia kwamba niliota, maana ilikuwa saa kumi alasiri, jua linawaka, na mimi nilikuwa nimeshiba chapati mbili na chai ya rangi. Tena mimi si mtu wa kuona vitu. Waulize wanaonijua hapa Mtwara watakwambia kwamba huyu dada ni mbishi, hata ukimwambia chooni kuna jini atakuuliza limeonekana mara ngapi na saa ngapi. Ndiyo kazi yangu. Nahesabu.

Nahesabu watu wanaoingia kwenye tovuti. Labda hujui kama kuna kazi ya namna hiyo. Hata mama yangu mzazi huwaambia majirani kwamba mimi natengeneza kompyuta, na nimechoka kumsahihisha. Ni hivi. Ukifungua tovuti kwa simu yako, tovuti inaweka kumbukumbu. Haiandiki jina lako, usiogope. Inaandika umekuja saa ngapi, kwa simu ya aina gani, umefungua ukurasa upi, umekaa dakika ngapi, na umeondokea wapi. Mimi nazisoma hizo takwimu, halafu namwambia mwenye tovuti: hapa watu wanapapenda, pale wanapakimbia, parekebishe.

Basi mwaka jana, msimu wa korosho unaanza, redio moja ndogo ya hapa mjini iliniita. Jina lake nalihifadhi. Bosi wa redio alilalamika kwamba tovuti yao ni nzito, haifunguki, watu wanawatukana. Akanipa meza pembeni ya mlango, akanipa funguo za kila kitu, akasema, "Dada, fanya unavyojua."

Nikafanya ninavyojua. Nikaona watu wengi wanaingia kwa simu ndogo, na wengi wanaondoka kabla ukurasa wa mwanzo haujafunguka. Sababu ilikuwa picha kubwa ya jengo la redio ambayo bosi aliiweka kwa fahari. Nikaitoa. Bosi alininunia siku mbili. Nikaona asubuhi watu wanatafuta habari za mnada wa korosho na habari zenyewe zimefichwa chini kabisa, nikazipandisha juu. Kitufe cha kusikiliza matangazo kilikuwa kidogo mno, mtu mwenye vidole vya jembe hawezi kukigusa, nikakikuza. Ndani ya wiki mbili wageni waliongezeka, na bosi akaanza kuniita mwanangu. Nilijisikia mtu muhimu, sikufichi.

Ikabaki mizigo ya nyuma. Redio hii ina kipindi cha salamu, kile cha siku zote unachokijua, cha saa kumi alasiri. Mtu anaandika kadi: mimi fulani wa mahali fulani, salamu zangu zimfikie fulani na fulani, ujumbe wangu ni huu. Mtangazaji anasoma. Wengine wanapiga simu na kuzungumza wenyewe hewani. Kila kipindi kilichopita kilikuwa kimewekwa kwenye tovuti, ukurasa mmoja kwa kila siku, miaka na miaka ya salamu za watu. Nafasi yote ya kuhifadhia tuliyokodi ilikuwa imejaa salamu.

Nikapanga jedwali. Nikasema ukurasa wowote ambao kwa mwezi mzima umepata wageni wasiozidi watano, uondoke. Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtu asiye wa kazi hii hawezi kulifanya. Kuna safu inayosema wamekuja watu wangapi. Kuna safu nyingine inayosema wamekuja mara ngapi. Mtu mmoja akija mara thelathini, safu ya kwanza itasema: mmoja. Mimi nilisoma safu ya kwanza tu. Ya pili ilikuwa hapohapo pembeni, upana wa kidole, sikuitazama.

Nikafuta. Nikasafisha na pipa la taka ili nafasi irudi. Nikamuuliza fundi wa studio kama wana nakala, akasema kompyuta ya studio inajifuta yenyewe kila mwezi. Nikasema haidhuru, nani atataka salamu za mwaka juzi?

Siku ya pili nikaona kitu. Tovuti huandika pia kurasa zilizotafutwa zikakosekana. Juu kabisa ya orodha hiyo palikuwa na ukurasa mmoja wa salamu, wa Jumatano moja ya karibu miaka miwili nyuma. Umetafutwa mara moja. Kesho yake mara sita. Kesho kutwa mara kumi na tisa. Siku ya nne mara arobaini na kitu, zote baada ya saa kumi alasiri, moja baada ya nyingine, kama mtu anayegonga mlango ambao jana ulikuwa wazi.

Nikarudi kwenye takwimu za zamani kumtafuta. Alikuwa mgeni mmoja. Simu moja ya bei rahisi. Mahali alipo: hapajulikani. Amekuja kila siku tangu ukurasa uwekwe, hajaruka hata Idi. Anafungua ukurasa huo huo, anasikiliza kipande kidogo karibu na mwisho, anarudisha nyuma, anasikiliza tena. Saa kumi na dakika saba. Saa kumi na dakika kumi na mbili. Saa kumi na dakika tisa. Kamwe hakufika saa kumi kamili.

Nikasema hili ni roboti. Kuna programu zinazozunguka kwenye mtandao zikifungua kurasa za watu ovyo, tunaziita hivyo, na ni kero kubwa kwa sababu zinaharibu hesabu. Lakini roboti hufika kwa saa yake. Huyu alikuwa anachelewa, tena kila siku kwa namna yake. Nililiona hilo kwa macho yangu mawili na nikalipuuza, kwa sababu nilikuwa nimeudhika. Nikamfungia. Unaandika mstari mmoja tu na mgeni huyo haingii tena popote kwenye tovuti. Nikafunga kompyuta nikaenda kula.

Wiki moja baadaye, siku ya Jumapili, nilikuwa peke yangu ofisini. Umeme ulikatika tangu saa nane, studio ilikuwa kimya, wengine wote walikwenda zao, nje alikuwepo mlinzi tu. Nilikuwa naimalizia ripoti yangu kwa chaji iliyobaki kwenye kompyuta. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto.

"Hodi."

"Karibu," nikasema bila kuinua macho.

"Hodi."

"Karibu, pita!"

"Hodi, dada."

Nikainua macho nikiwa tayari nimekasirika. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, amejifunga kanga mbili, simu yenye kioo kilichopasuka ameikumbatia kifuani kwa mikono yote. Alisimama mbele ya kizingiti, hakukikanyaga. Miguu yake ilikuwa na tope la kijivu, lile la kwenye mikoko, limekauka hadi magotini. Nikajiuliza ametembea kutoka wapi mtu huyu, maana hapa mjini kote ni mchanga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo hakuna huduma."

"Ule ukurasa wa salamu," akasema taratibu. "Ule wa Jumatano, anamozungumza mama. Mmeupeleka wapi?"

Hapo nikaelewa ni nani, au nikadhani nimeelewa. Si roboti, ni huyu! Unajua nilifanya nini? Badala ya kumwonea huruma, nilimfokea. Nikamwambia, "Kwa hiyo ni wewe unayetusumbua? Mara arobaini kwa siku, huna kazi nyingine?"

"Nilidhani mtafungua," akasema.

"Umefutwa. Kurasa zisizo na watu tumezifuta."

"Lakini mimi nilikuwepo."

Niamini, hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtoto anayemweleza mwalimu kwamba jina lake halikuitwa kwenye mahudhurio. Moyo wangu uliguswa kidogo, nakiri, lakini chaji ilikuwa inakwisha na ripoti haijaisha.

"Njoo kesho," nikamwambia. Neno letu la maofisini. Limewafukuza watu wangapi neno hili?

"Kesho sitaweza, dada. Mimi naifuata ile sauti. Isipokuwepo sijui niende wapi."

Nikamsogezea daftari la wageni, lipo kwenye kimeza cha mlangoni, nikamwambia aandike jina, anakotoka na namba ya simu, nitamtafuta. Akainama akaandika bila kuvuka kizingiti. Aliandika pole pole, kalamu ameibana sana. Kisha akanitazama, akasema, "Usinisahau, dada." Nikasema sawa, sawa. Nikarudi kwenye ripoti. Nilipoinua macho hakuwepo, na kompyuta ilikuwa imezima.

Wakati wa kutoka nilimuuliza mlinzi yule binti ameelekea wapi. Akasema, "Yule wa kanga? Leo sijamwona akitoka. Lakini anakuja kila siku wiki nzima hii, anasimama hapo getini alasiri. Nikimwambia hamna mtu anaondoka. Nilidhani mnamjua."

Asubuhi nilikuta kwenye kizingiti vipande vya tope kavu. Nikachukua ufagio nikavifagia nje. Kila nikikumbuka hilo nalia, na sijui kwa nini hasa hilo, kuliko mengine yote.

Niliipiga namba aliyoiandika, haikupatikana. Nikapiga tena, haikupatikana. Nikamwendea kaka Hashimu, ndiye mtangazaji wa kipindi cha salamu tangu redio ianze, nikamwonyesha daftari. Jina: Somoe. Anakotoka: kijiji fulani upande wa mdomo wa Ruvuma. Sababu ya kuja: salamu.

Kaka Hashimu akavuta boksi chini ya meza, boksi la kadi, maana hatupi hata moja mtu yule. Akapekua, akatoa fungu lililofungwa na mpira. Kadi kumi na nane, zote za Somoe. Mwandiko ulikuwa ule ule wa kwenye daftari, herufi ya kwanza kubwa kuliko jina lenyewe. Zote zilikuwa na mtu mmoja wa kusalimiwa, mama yake. Zote zilikuwa na ujumbe mmoja: mama, nisamehe. Kwenye kadi moja aliongeza kwa chini, "Huku niliko ng'ambo redio haishiki, nawasikiliza kwenye simu, kwenye tovuti yenu. Mama akijibu, sauti yake msiitoe hapo."

Msiitoe. Nilisoma neno hilo mara mbili, nikakaa chini.

"Na mama alijibu," kaka Hashimu akasema. "Jumatano moja. Alipiga mwenyewe. Niliacha wimbo uende kwa sababu nilishindwa kusema. Kwani vipi, ameonana na mwanawe?"

Nikasema sijui, nitakwenda kuuliza. Kesho yake nikachukua bodaboda. Tulipita Madimba, tukakiacha kiwanda cha gesi nyuma yetu, tukaendelea kwenye njia ya mchanga mpaka bodaboda ikaanza kuyumba, na mimi muda wote napanga maneno. Nilikuwa na furaha, unaamini? Nilidhani nakwenda kumwambia mama kwamba mwanawe yupo mjini, anamtafuta. Nilidhani kosa langu litageuka heri.

Nilimkuta Mama Somoe shambani, amekaa chini ya mkorosho, ananyofoa korosho kutoka kwenye mabibo. Mikono ilikuwa inanata maji ya mabibo, akanipa kiwiko badala ya kiganja. Mwanamke mwembamba, mcheshi wa macho. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mjini na za msimu, nami nikashindwa kusubiri.

"Mama, Somoe alikuja ofisini kwetu juzi."

Mikono yake ikasimama. Hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Akauliza, "Alikuja na nani?"

"Peke yake."

"Miguu yake ilikuwaje?"

Swali gani hilo? Nikamwambia ilikuwa na tope. Akafumba macho.

"Somoe tumemzika, mwanangu. Mwaka wa pili sasa. Tulimpata siku ya tatu, kule kwenye mikoko."

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka nilikaa chini, mabibo yakawa mapajani mwangu, nikaanza kunyofoa korosho nami, moja moja, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Mama akanisimulia huku anaendelea na kazi, na ndiyo maana nasema ni kweli. Mtu hasemi uongo wa namna hiyo huku mikono yake inafanya kazi.

Somoe alikuwa mtoto wake wa pekee. Alipenda mwanamume wa ng'ambo ya mto, upande wa Msumbiji, mama hakumtaka. Siku binti anaondoka, mama alimwambia maneno ambayo mzazi hapaswi kuyatamka: ukivuka mto huo, radhi zangu usizitafute. Binti akavuka. Baada ya miezi, kadi zikaanza. Kila wiki majirani wanamkimbilia, "Mama Somoe, unatajwa redioni!" Naye kila wiki akisikia jina la mwanawe anazima redio. Mara kumi na nane.

"Ya kumi na tisa haikuja," akasema. "Nilikaa na redio siku hiyo, kwa mara ya kwanza sikuizima, ikapita salamu ya mwisho sikutajwa. Moyo ukaniuma. Jumatano yake nikaazima simu, nikapiga. Nikamwambia radhi zangu unazo, rudi nyumbani. Ilikuwa saa kumi alasiri."

Akanyofoa korosho nyingine.

"Na yeye asubuhi ile alikuwa amepanda boti kuja. Hakusubiri nimjibu, alikuwa anakuja hivyo hivyo. Boti ikapinduka pale mto unapokutana na bahari. Mimi alasiri naongea redioni, kumbe naongea na mtu aliyekufa tangu asubuhi. Hilo ndilo linalonila, mwanangu. Kwamba amekufa hajasikia."

Sasa niambie, ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilikuwa na jibu lake kichwani, na tarakimu zake.

"Alisikia, mama," nikasema. "Alisikia. Alikuwa anaingia kwenye tovuti kila siku, anafungua salamu zako, anarudia pale unapomtaja. Karibu miaka miwili, mama, hakuruka siku."

"Kila siku?"

"Kila siku. Saa kumi na dakika saba, saa kumi na dakika tisa, saa kumi na dakika kumi na mbili."

Mama akatoa sauti, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yanatiririka hadi kidevuni. "Anachelewa!" akasema. "Mtoto huyo! Hata tumboni alikaa wiki mbili zaidi. Shuleni alichapwa kila asubuhi. Anachelewa hata huko!" Akajifuta kwa mkono wa gauni, akanishika bega kwa mkono wake wa mabibo, akasema Mungu anibariki kwa habari niliyomletea. Kisha akauliza, "Na juzi alikuja kutaka nini?"

Mwanamke anakubariki, utamwambia umeifuta sauti yake? Nikasema kuna hitilafu kidogo kwenye mitambo, tunahitaji arudie maneno yake. Nikatoa simu nimrekodi. Akanawa mikono, akajitanda kanga vizuri, akakaa wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Akasema, "Somoe mwanangu. Ni mimi mama yako. Radhi zangu unazo." Akasema, "Siku ile nilisema mengi. Siyakumbuki." Akarudia, "Radhi zangu unazo." Basi.

Jioni ile ile niliuweka ukurasa mahali pake, kwa anwani ile ile ya zamani, siku ile ile ya Jumatano. Nikafuta ule mstari niliomfungia. Kesho yake saa kumi nikakaa mbele ya takwimu, macho hayapepesi. Saa kumi na dakika saba. Na dakika kumi na mbili. Na ishirini. Magharibi ikaadhiniwa. Sifuri. Nikatazama orodha ya kurasa zinazotafutwa zikakosekana, hakuna anayegonga. Siku ya pili sifuri. Siku ya tatu sifuri. Mlinzi naye akaniambia yule binti haji tena getini.

Ijumaa mama akapiga simu. Aliniuliza neno moja tu. "Kaingia?"

Nikasema, "Kaingia, mama."

Uongo huo nilitaka uwe na chembe ya ukweli. Nikaanza kuufungua ukurasa mwenyewe, kwa simu yangu, kila siku. Niliweka kengele: saa kumi kamili inalia, naacha chochote ninachofanya, nafungua, nasikiliza mpaka mwisho. Mimi ambaye najua kuliko mtu yeyote kwamba mwenye tovuti hapaswi kujihesabu. Mgeni: mmoja. Kila Ijumaa mama anauliza, kila Ijumaa namjibu. Siku nyingine huuliza na saa, nami namtajia, saa kumi kamili. Nilikwenda kwa shehe, akanisomea, akanihimiza kumwombea marehemu dua. Namwombea. Usiku nalala vizuri tu, usifikiri ninatokewa. Ningependa nitokewe. Ningemwambia samahani.

Mwezi wa Ramadhani nikampelekea mama sukari na tende. Wakati namuaga, akanishika mkono, hakuuachia.

"Mwanangu, ni wewe unayeingia."

Nikajaribu kukataa, akatikisa kichwa.

"Saa kumi kamili, saa kumi kamili, kila Ijumaa unaniambia saa kumi kamili. Somoe hajawahi kufika popote saa kamili."

Nikapiga magoti pale mlangoni nikamweleza yote: jedwali, safu niliyoisoma na safu niliyoiacha, jinsi nilivyomfungia, jinsi nilivyomfokea, njoo kesho yangu, ufagio wangu. Nilitaka anipige. Nilitaka anitukane mpaka majirani watoke. Akaniacha nilie, kisha akanipa maji ya kunawa uso.

"Mimi nilizima redio mara kumi na nane," akasema. "Wewe umefuta mara moja. Nikukasirikie kwa uso gani?" Kisha akaongeza, "Ila usiache kuingia. Sipendi sauti yangu ikae pale peke yake."

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Redio ile nilimaliza mkataba, tovuti inaruka kama swala, wananisifia, na ukurasa ule nimemwomba kaka Hashimu asiruhusu mtu auguse hata nikifa. Popote ninapopata kazi sasa nasoma safu zote mbili, nakaa na ukurasa wenye mgeni mmoja kama mtu aliyekaa na mgonjwa, na wenzangu wananicheka kwamba nimekuwa mzito. Wacheke.

Na wewe unayenisikiliza, kama unafanya kazi kama yangu, usifute mlango wa mtu kwa sababu ni mmoja. Muulize kwanza anafuata nini. Na kama huna kazi kama yangu, lakini kuna mtu anakutumia salamu na wewe unazima redio, mjibu leo. Mjibu akiwa bado anaweza kuchelewa kwa miguu yake mwenyewe.

Mama bado anapiga kila Ijumaa. Bado anauliza kama kaingia, nami bado namwambia kaingia. Tofauti ni moja tu: ile kengele nimeiondoa. Siku hizi naufungua saa kumi na dakika saba, siku nyingine na dakika tisa. Juzi nilijichelewesha mpaka dakika kumi na mbili, na nilipomtajia, mama alicheka kidogo kwenye simu, kisha akashindwa kuendelea.